Mpango wa kurekebisha tabia haufanyi kazi? Kagua daftari kwanza

Wiki ya tatu ya mpango ndiyo huleta maneno. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu anasema mtoto hajabadilika, mama anasema kazidi, na dada anayeshinda naye nyumbani anasema mbona siku hizi katulia. Kikao kinaitishwa, zawadi zinabadilishwa, ratiba ya picha inabanduliwa ukutani, mpango mpya unaanza Jumatatu. Hakuna aliyefungua daftari la kuhesabia tabia kutazama kama kilichoandikwa mle kinaweza kujibu swali lolote.

Mimi nasema mpango usiguswe kabla kipimo hakijakaguliwa. Mara nyingi kasoro iko kwenye kuangalia, kuhesabu au kuandika, na hiyo hurekebishika kwa siku mbili tatu bila gharama. Haya yafuatayo nimeyapanga kwa dalili: tafuta inayofanana na yako, uanzie hapo. Mifano mingi ni ya watoto wenye usonji au ulemavu wa akili katika vitengo vya shule za msingi, ila utaratibu ni uleule kwa mgonjwa wa wodini na hata kwa mtu mzima anayetaka kupunguza sigara.

Watu wawili wamemwangalia mtoto mmoja, namba hazifanani

Soma kwanza kilichoandikwa juu ya ukurasa. Kama tabia imeitwa "utundu", "jeuri", "mapepe", "kudeka" au "hasira", umeshapata jibu. Hayo ni maoni juu ya mtoto, na maoni hayahesabiki. Pale mwalimu mmoja anapoona jeuri, mwenzake anaona mtoto ambaye hakusikia. Tabia iandikwe kama kitendo cha kuonekana au kusikika, kiasi kwamba mgeni aliyeingia darasani leo, asiyemjua mtoto wala wazazi wake, angehesabu sawa na wewe.

"Kujipiga" peke yake bado haitoshi. Hii inatosha: "Kiganja au ngumi yake inagonga kichwa chake mwenyewe kwa kishindo kinachosikika kwa mtu aliye umbali wa hatua mbili. Kujikuna, kushika sikio na kufuta jasho havihesabiwi." Hiyo sentensi ya visivyohesabiwa ndiyo husahauliwa, na ndiyo inayomaliza ubishi.

Kisha tazama mwanzo na mwisho wa tukio. Mtoto kajipiga mara saba mfululizo, akatulia kidogo, akaongeza mbili. Ni tukio moja, mawili, au tisa? Hapa hakuna jibu la vitabuni, kuna mapatano tu. Mnaweza kuweka kanuni ya utulivu: akikaa sekunde 10 bila kujipiga, pigo linalofuata ni tukio jipya. Sekunde mtakazochagua ziandikwe juu ya ukurasa uleule, maana kanuni iliyobaki kichwani haidumu hadi Ijumaa.

Mahali pa kukaa napo panachangia. Aliye nyuma ya darasa haoni mikono iliyo chini ya dawati. Kabla hamjaanza kulaumiana, badilishaneni viti kwa kipindi kimoja.

Kama tofauti imeanza baadaye, yaani wiki ya kwanza mlilingana na wiki ya sita mmeachana, basi waangalizi wameteleza. Hutokea polepole na kila mmoja huapa kwamba hajabadilisha kitu. Aliyezoea makelele huacha kuhesabu yale madogo. Aliyechoka huhesabu hata mnung'uniko. Rudini kwenye maelezo ya tabia, myasome kwa sauti, kisha muhesabu pamoja kwa dakika kumi kutoka kwenye video fupi, mkisimamisha kila mnapopishana.

Sasa hesabu yenyewe. Njia nyepesi ni kugawa namba ndogo kwa kubwa. Wewe umepata 14, mwenzako 20: 14 kwa 20 ni asilimia 70. Kwa desturi ya fani hii ya kupima tabia, asilimia 80 kwenda juu ndiyo hukubalika, kwa hiyo bado. Lakini njia hii ina mtego. Wote wawili mnaweza kupata 10, mkafurahia asilimia 100, kumbe wewe ulihesabu kumi za nusu saa ya kwanza na mwenzako kumi za nusu ya pili. Ndiyo maana ni afadhali kugawa muda katika vipande, tuseme dakika tano tano, na kulinganisha kipande kwa kipande.

Na vipande navyo vina mtego wake, hasa tabia ikiwa adimu. Chukua dakika 10 zilizogawanywa katika vipande 60 vya sekunde 10. Wewe umeweka tiki kipande cha 4 na cha 31. Mwenzako kaweka cha 12 na cha 50. Vipande 56 mmeacha wazi wote, kwa hiyo mmekubaliana 56 kati ya 60, yaani asilimia 93. Ripoti inapendeza. Ila hamjaona tukio hata moja kwa pamoja! Tabia ikiwa adimu, tupa vipande ambavyo wote hamkuona kitu, hesabu vilivyobaki tu: hapa ni 0 kati ya 4. Jacob Cohen alitoa mwaka 1960 kipimo kiitwacho kapa ambacho huondoa makubaliano yanayotokana na bahati, na watafiti wanakitumia mpaka leo. Kwa daftari la kitengo, kutupa vile vitupu kunatosha.

Tabia imetoweka siku ileile ulipoanza kuandika

Usishangilie. Mtu anayejua anatazamwa hubadilika, na mtoto ambaye hazungumzi pia anajua. Kuna mwanamume kakaa pembeni na ubao wa kuandikia, anamkodolea macho na kuandika kila mtoto akinyanyua mkono, nani hatatulia?

Kuna upande wa pili ambao watu hawautazami: wewe uliyekuwa ukimkaripia kila dakika, leo uko bize na kalamu. Huenda aliyebadilika ni mwalimu. Au mwalimu wa darasa, akijua kuna mgeni anaandika, kaanza kumpa mtoto kazi rahisi ili siku ipite salama.

Ingia darasani siku kadhaa bila kutumia namba zako, ukiandika hivyohivyo, mpaka watoto waache kugeuka mlango ukifunguka. Usimtazame mtoto mmoja. Zungusha macho darasa zima. Weka kalamu ikitembea hata pasipo kitu, ili mtoto asijue kipi kimeandikwa. Kama mwangalizi anaweza kuwa mtu ambaye tayari yumo, mfano msaidizi wa darasa, ni bora zaidi kuliko mgeni.

Mabadiliko haya yanaweza pia kutumiwa kwa makusudi. Mwaka 1971 Marcia Broden na wenzake walichapisha habari ya wanafunzi wawili wa darasa la nane huko Marekani. Msichana mmoja alipewa karatasi ajiandikie mwenyewe kama anasoma au hasomi katika kipindi cha historia, na muda wake wa kusoma ulipanda kutoka karibu asilimia 30 hadi karibu asilimia 78. Kwa mvulana, aliyekuwa akipayuka darasani, kujihesabu kulisaidia mwanzoni kisha tabia ikarudi. Kwa hiyo mkubwa au kijana akijihesabia sigara au simu, ujue kuhesabu kwenyewe ni sehemu ya dawa, na namba za siku za mwanzo si picha ya hali ilivyokuwa kabla.

Namba imeshuka, nyumba haina amani

"Mwalimu, mnasema analia mara mbili tu kwa siku. Hizo mbili njoo uzione."

Mama huyu yuko sahihi na daftari nalo liko sahihi. Zamani mtoto alilia mara sita, dakika tano kila mara: jumla dakika 30. Sasa analia mara mbili, dakika 40 kila mara: jumla 80. Mnahesabu marudio wakati kinachoumiza watu ni muda.

Kabla ya kuchagua kipimo, uliza watu wa karibu na mtoto kero yenyewe ni nini. Kama ni wingi, hesabu mara. Kama ni urefu, tumia stopwochi ya simu. Kama ni kuchelewa, pima tangu agizo linapotolewa mpaka mtoto anapoanza kutii: "vaa viatu" saa 1:10, kaanza 1:22, ni dakika 12. Ukihesabu tu mara alizovaa viatu utaona asilimia 100 kila siku na hutaelewa kwa nini gari la shule linamwacha. Kama ni nguvu, weka ngazi chache ambazo kila mmoja anazitambua: sauti inasikika ndani ya chumba, inasikika sebuleni, inasikika kwa jirani. Ngazi tatu zinatosha. Nimeona fomu zenye ngazi kumi na sijamwona anayeweza kutofautisha ya sita na ya saba.

Baadhi ya tabia huacha ushahidi, na huo ni rahisi kupima kuliko tabia yenyewe: vifungo vilivyong'olewa kwenye shati, kurasa zilizochanwa, shuka lililolowa, hesabu zilizomalizwa. Hivyo unaweza kuvihesabu jioni umekaa. Hakikisha tu mwenye shati ndiye aliyeng'oa.

Kwa mambo yanayohitaji kuitwa kwanza, idadi tupu haina maana. Katii mara nne leo na mara nne jana, lakini jana aliagizwa mara 5 na leo mara 20. Ya jana ni asilimia 80, ya leo 20. Andika na nafasi alizopewa.

Grafu inaruka juu na chini bila mpango

Kagua saa za kuangalia kabla ya kumkagua mtoto. Jumatatu mlimwangalia saa nne mkapata 12. Ijumaa, kwa kuwa watoto waliondoka mapema, saa moja na nusu mkapata 9. Kwenye grafu Ijumaa inaonekana nzuri. Gawa: Jumatatu ni 3 kwa saa, Ijumaa ni 6 kwa saa. Ijumaa ndiyo mbaya, mara dufu. Kila ukurasa uwe na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na kwenye grafu lisiingie kitu ambacho hakijagawanywa kwa muda.

Ukishagawa na bado inaruka, basi mruko ni wa kweli na una habari ndani yake. Tengeneza jedwali la miraba: siku kwenda kulia, nusu saa nusu saa kushuka chini. Mraba ambao tabia haikutokea uache mweupe, ilipotokea mara moja au mbili upige mistari, ilipozidi ujaze wino wote. Njia hii ilielezwa na Touchette, MacDonald na Langer mwaka 1985, na uzuri wake ni kwamba haihitaji hesabu. Baada ya wiki mbili unaiweka ukutani, unarudi nyuma hatua tatu, na weusi unajionyesha. Pengine umejipanga kabla ya uji. Pengine kila Jumanne na Alhamisi, siku za zamu ya msaidizi fulani. Pengine asubuhi zile tu ambazo mtoto hakulala, na hilo hulijui mpaka uwe na kistari cha usingizi kwenye fomu. Dawa za kifafa nazo, saa alizopewa na siku zilizorukwa, ziwe na safu yake.

Saa 2 au saa 8?

Hili vitabu vya nje haviligusi. Mwalimu anaandika "saa 3:15", msaidizi anatazama simu anaandika "9:15", na dada nyumbani anaandika "15:00" kwa sababu simu yake imewekwa hivyo. Jedwali la miraba linatoa vilele viwili, kimoja saa 3 na kingine saa 9, watu wanatafuta sababu mbili za kilele kimoja. Ukiona tukio la shuleni limeandikwa saa ambayo shule imefungwa, ndilo hilo.

Chagueni mtindo mmoja na uchapwe kwenye fomu yenyewe. Mimi napendelea saa zisiandikwe kabisa shuleni: andika kipindi cha ngapi, au "mstarini", "kabla ya uji", "baada ya uji". Hayo hayana asubuhi wala jioni ya kuchanganya, tena yanasema kilichokuwa kinaendelea.

Asilimia haiendani na unachokiona kwa macho

Dalili hii ni ya wanaotumia vipande vya muda. Tabia inaonekana ndogo, fomu inasema asilimia 100. Au mtoto anatikisa mikono karibu kutwa, fomu inasema 0. Kosa liko kwenye kanuni ya kutia tiki.

Chukua dakika moja yenye vipande vinne vya sekunde 15. Mtoto anapiga kelele sekunde moja katika kila kipande. Kwa kanuni ya "tiki ikitokea hata kidogo", ni vipande 4 kati ya 4, asilimia 100, wakati kelele zenyewe zimechukua sekunde 4 katika 60. Kwa kanuni ya "tiki ikijaza kipande kizima", ni asilimia 0. Mtoto yuleyule, dakika ileile. Kanuni ya kwanza hukuza muda wa tabia, ya pili huupunguza.

Chagua ile ambayo kosa lake halikudanganyi kwa kukufurahisha. Unataka kupunguza tabia? Tumia ya kwanza. Ikishuka hapo, imeshuka kweli. Unataka kuongeza, mfano kukaa na kazi? Tumia ya kipande kizima. Na kama una darasa la watoto na huwezi kukaza macho muda wote, kuna ya tatu: simu inatetema kila dakika tano, unanyanyua kichwa, unaandika anachofanya sekunde hiyohiyo, unarudi kwenye ubao. Hii haifai kwa vitendo vya ghafla kama kung'ata au kurusha kiti, kwa sababu vingi vitapita kati ya mtetemo na mtetemo.

Usibadilishe kanuni katikati ya mpango ukaendeleza mstari uleule wa grafu. Ukilazimika, chora mstari wa wima siku hiyo, uanze upya upande wa kulia.

Safu ya "Kabla" imejaa "bila sababu"

Fomu ya kabla, tabia na baada, ambayo Bijou, Peterson na Ault waliieleza mwaka 1968, ndiyo inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayojazwa vibaya kuliko zote. Ukurasa wa kawaida unasomeka hivi:

*Kabla: hakuna. Tabia: alikasirika akafanya fujo. Baada: nilimtuliza.*

Hapo hakuna kilichoonekana. "Hakuna" maana yake mwandishi alianza kuangalia baada ya kelele. "Alikasirika" ni tafsiri. "Nilimtuliza" inaweza kuwa kumkumbatia, kumpa biskuti, kumtoa nje au kumfinya. Andika upya kama kamera ingeandika:

*Kabla: mwalimu alichukua boksi la vitufe, akaweka daftari la herufi mezani, akasema "andika". Tabia: alilala chini, akapiga visigino sakafuni, dakika 4. Baada: msaidizi alimtoa nje, akakaa naye kwenye bembea mpaka kengele. Daftari halikurudishwa.*

Ukipata kurasa kumi za namna hii huhitaji mtaalamu akuambie mtoto anapata nini kwa kulala chini. Kazi ya kuandika imekwisha na bembea imekuja. Anayejaza akisema kweli hakuona kilichotangulia, aandike "sikuona". Neno hilo lina thamani kuliko "bila sababu", kwa sababu linakuambia wapi pa kuweka jicho kesho.

Jihadhari pia na kuamini fomu hii kupita kiasi. Inaonyesha vinavyofuatana, na vinavyofuatana si lazima kimoja kilete kingine. Kumaliza shaka, badilisha kitu kimoja, mfano mpe kazi fupi zaidi kwa siku kadhaa, na uendelee kuhesabu.

Namba ni nzuri mno

5, 5, 10, 5, 10, 5. Wino mmoja wiki nzima, mwandiko haukutetereka hata siku ya mvua. Hakuna "sikuona", hakuna ukurasa wenye doa la uji. Daftari hilo limejazwa Ijumaa mchana, kama yanavyojazwa maandalio ya masomo mkaguzi akisikika yuko njiani.

Ukimgombeza aliyejaza utapata madoa ya uji ya kutengeneza. Tafuta kwa nini. Mara nyingi amepewa tabia sita za kuhesabu kwa watoto watatu, huku akiwa ndiye anayewapeleka chooni. Punguza mpaka ibaki tabia moja, au mbili kwa shida, na nusu saa moja ya siku iliyochaguliwa kwa sababu. Mpe kifaa kisichohitaji kalamu: ile tasbihi ndogo ya kidijitali inayovaliwa kidoleni ni kaunta safi kabisa na inapatikana popote wanapouza kanzu na mikeka ya kusalia. Isipokuwepo, punje za mahindi mfuko wa kulia, kila tukio punje moja inahamia kushoto.

Asikuambie mtu kwamba mwenye kazi nyingine hawezi kupima. Ayllon na Michael, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1959, waliwatumia wauguzi wa wodi za hospitali ya magonjwa ya akili ya Saskatchewan, Kanada. Mgonjwa mmoja alikuwa akiingia ofisi ya wauguzi wastani wa mara 16 kwa siku. Wauguzi walielekezwa wasimjali kila anapoingia, na baada ya wiki saba wastani ulikuwa mara mbili. Tazama kilichohesabiwa: kuingia mlangoni. Hakuna aliyehitaji kukisia, wala kuacha kazi yake, ili kujua kama mtu ameingia.

Ukaguzi nao ufanywe bila kutangazwa. John Reid alionyesha mwaka 1970 kwamba waangalizi wanaojua wanakaguliwa hulingana vizuri, na wakidhani hawakaguliwi ulinganifu wao huporomoka. Kwa hiyo yale makubaliano ya asilimia 90 ya siku uliyokaa naye bega kwa bega hayasemi lolote juu ya siku zilizobaki.

Kila mtu anasema kaendelea vizuri, mstari wa grafu umelala

Amini mstari kuliko kauli, walau kwa kuanzia. Ronald Kent na wenzake walijaribu jambo hili mwaka 1974: waangalizi walioambiwa watarajie tabia kupungua walitoa maoni ya jumla kwamba imepungua, ilhali hesabu walizoandika wenyewe hazikupindishwa na matarajio hayo. Maoni yalifuata walichoambiwa, tiki zilifuata walichoona.

Mwaka uliofuata, O'Leary, Kent na Kanowitz wakaonyesha kwamba hata tiki hupinda pale mkubwa anapozisifia zinazokwenda anakotaka. Hapa ndipo viongozi wa vitengo huharibu kazi bila kujua. Msaidizi analeta daftari, namba imeshuka, unasema "safi sana, tunaelekea kuzuri!" Kesho haleti namba iliyopanda. Sifia ukurasa uliojazwa kwa wakati, uwe na 2 au 22.

Na ukimpigia mama simu usiulize "anaendeleaje?" Uliza: "Mama, tangu saa kumi mpaka mlipokula, kajipiga mara ngapi?" Akijibu "nyingi, hadi nimechoka", pole mpe kwanza, kisha mrahisishie kazi kesho yake.

Huna cha kulinganisha

Mpango ulianza Jumatatu, kuhesabu kukaanza Jumatano. Ikiwa ni hivyo, huwezi kusema umesaidia wala hujasaidia. Njia ya heshima ni kusimamisha mpango siku chache, kama tabia haina madhara, uhesabu, kisha uendelee. Kipimo cha awali kichukue siku za kutosha mpaka uone mstari umetulia. Kama tayari unashuka wenyewe, subiri. Ukianzisha mpango hapo, sifa utaipewa bure.

Haya yote hayamhusu mtoto anayejigonga ukutani mpaka damu, anayekula vitu vya hatari au anayekimbilia barabarani. Huyo halindwi na grafu. Mzuie, mkinge, apelekwe hospitali aangaliwe masikio, meno na tumbo, maana asiyeweza kusema "jino linauma" hulisema kwa ngumi. Hesabu zitaanza akiwa salama, na siku za dharura zenyewe zitatumika kama kipimo cha awali kwa kadiri zilivyoandikwa.

Video zimejaa kwenye simu

Video inamaliza ubishi wa waangalizi kuliko kitu chochote, lakini mtoto anayejigaragaza chini si picha ya kundi la WhatsApp la wazazi. Pata idhini ya mzazi kwa maandishi, hifadhi kwenye simu moja, futa mkishahesabu, na kwenye daftari tumia namba au herufi badala ya jina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Taarifa za afya za mtoto zimo ndani ya zote mbili.

Tabia imeisha, daftari linaendelea

Msiache ghafla, wala msiendelee kujaza kurasa tupu mpaka kila mtu alichukie daftari. Punguzeni kutoka kila siku hadi siku mbili kwa wiki, kisha nusu saa moja kwa wiki, katika kipindi kile kilichokuwa kibaya zaidi kwenye jedwali la miraba. Kabla ya kupunguza, andikeni namba ambayo ikifikiwa mara mbili mfululizo mtarudi kuhesabu kila siku, na muiandike sasa mkiwa mmetulia, kwa wino, ndani ya jalada la daftari.